Hofu Niliyoshuka Nayo Kisimani

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke mfukoni kidogo, haitachacha. Na wewe binti uliyesimama mlangoni kama aliyekuja kudai chungu, ingia ukae. Ninaandika jinsi ninavyoongea, kwa sababu vijana wa kanisa letu hapa Mikumi waliniomba nisimame Jumapili nitoe ushuhuda, na nilipoanza tu kueleza aina za udongo, mwenyekiti wao akanitazama, akatazama saa, akanitazama tena. Nikaelewa. Nikamwambia basi nitaandika, kila mtu asome kwa wakati wake, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Nimechimba visima kwa mikono miaka thelathini na kitu. Nimechimba Malolo, nimechimba Kilosa mjini, hapa Mikumi na Rudewa, na vijiji vingi vya katikati. Ukinitajia kijiji, kwanza nakumbuka udongo wake, watu wanafuata baadaye. Naomba wanisamehe.

Ushuhuda mnaoupenda ninyi naujua. Mtu alikuwa na shida, akafunga, akaomba, siku ya tatu simu ikalia. Mnapiga makofi, na mimi napiga, maana Mungu anatenda hivyo pia na sina wivu. Lakini wangu hauko hivyo. Mimi niliomba jambo moja kwa miaka yote ya kazi yangu, na sikupewa. Nilimwomba Mungu aniondolee hofu ya kushuka kisimani.

Cheka tu. Fundi wa visima anayeogopa visima ni sawa na kinyozi anayeogopa vichwa.

Kabla hujanicheka sana, nikwambie nilichokiona mwezi uliopita hapa barabarani. Lori moja limepata pancha upande wa hifadhini. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, "Hofu ni ya Shetani". Tembo wawili wamesimama ng'ambo wanakula majani yao, hawana habari na mtu. Dereva yuko ndani, vioo amepandisha mpaka juu, jasho linamtoka, na utingo wake amejikunja miguuni pake. Walikaa humo mpaka tembo waliposhiba. Sikuwalaumu, ningekuwa mimi ningekaa hivyo hivyo. Nilichojiuliza ni kwa nini tunapenda kuandika mbele ya gari maneno ambayo sisi wenyewe ndani hatuyawezi.

Sasa nikuoneshe shimo lenyewe, maana wengi wenu mnakijua kisima kutoka juu. Tena siku hizi inakuja mashine, inanguruma kutwa, jioni bomba limesimama, na aliyechimba hata viatu havijachafuka. Sisi tulikuwa na sururu, mtaimbo, jembe lililokatwa mpini, ndoo, na kamba ya katani iliyopita kwenye roda, lile gurudumu dogo la juu ya shimo. Shimo lilikuwa na upana wa kumwezesha mtu mmoja kuinama bila kugonga makalio ukutani. Tulipima kina kwa pima, yaani mikono yako miwili ukiinyoosha. Ukiwa pima mbili chini, ukitazama juu mbingu ina ukubwa wa ungo. Ukifika pima tano imekuwa sahani. Ukifika pima nane ni kisosi cha chai, na kichwa cha mwenzako kikichungulia, kisosi chote kinazibwa. Mwalimu wangu alikuwa akituonya tusitazame juu. Mimi nilikuwa natazama kila mara.

Mwalimu huyo alikuwa Mzee Chilongola wa Malolo, Mkristo wa maneno machache, aliyenichukua nikiwa kijana wa kuvuna vitunguu vya watu. Alikuwa na sheria tatu na hakuwa na ya nne. Ya kwanza, kila asubuhi kamba yote ipite mkononi mwako, pima kwa pima, ukitafuta nyuzi zilizokatika. Ya pili, kabla ya mtu kushuka, shusha taa ya chemli iliyowashwa. Ikizimika au ikififia, kuna hewa nzito chini, na wewe utazimika vilevile. Na ifanyike kila mara, hata kama mtu alipanda juu kunywa uji tu akarudi. Ya tatu, aliye chini aimbe. Aimbe chochote, ili walio juu wajue anapumua. Kisima kikinyamaza, vuta kamba kwanza, maswali baadaye.

Mwezi wangu wa pili kazini bonge la udongo lilinidondokea mgongoni, si kubwa, lakini lilinifukia hadi magotini. Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwangu na mizigo yake yote. Nilimwendea Mzee Chilongola nikamwambia kwamba naogopa. Akaniuliza kamba yetu imechakaa sehemu gani. Nikasema sijui. Akaniambia niende nikaiangalie, halafu akaendelea kula. Nililia kwa hasira siku ile, nikidhani amenidharau. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee alikuwa amenijibu.

Lakini nilikuwa kijana wa kanisa, na jibu la kamba halikunitosha. Nilitaka hofu ing'olewe kama jino. Nikaomba. Nikafunga Jumatano na Ijumaa. Akaja mhubiri mgeni, akafundisha kwamba mwenye imani haogopi, na anayeogopa ajichunguze dhambi. Nikajichunguza mpaka nikaanza kutubu makosa ya jirani. Hofu ilikuwepo tu, kila asubuhi, imekaa kwenye mdomo wa kisima ikinisubiri kama mama mkwe.

Mhubiri yule alitugawia na mafuta ya kuombea. Mimi nikafikiri, kama mafuta yanaondoa hofu, yaanzie kwenye chombo cha kazi. Nikaipaka kamba. Nikaipaka vizuri, kwa imani, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo nimtambulishe Saidi, mwenzangu wa kazi tangu kwa Mzee Chilongola. Saidi alikuwa Mwislamu, mfupi, mwenye mikono kama koleo, na mdomo usiolala. Yeye aliniita mlokole na mimi nikamwita shehe, ingawa mimi sikuwa mlokole kihivyo na yeye hakuwa shehe hata kidogo. Asubuhi hiyo alishika kamba anishushe, ikamteleza kiganjani, nikashuka pima moja na nusu kwa mara moja kama ndoo. Aliniwahi kwa kuikanyaga. Aliponipandisha alinusa viganja vyake. Kisha akachukua jivu na mchanga, akaisugua kamba ile mpaka adhuhuri, bila kusema neno, na kwa Saidi hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko matusi. Mchana ndipo aliponiambia kwamba, kwa anavyofahamu yeye dini yangu, wanaopakwa mafuta ni watu.

Kwa hiyo likumbuke hilo kama hukumbuki jingine: kamba ya katani haipakwi mafuta.

Kosa la pili lilikuwa la kunyamaza. Mimi nilikuwa naimba nyimbo za kanisani chini kule, na kwa sababu ya hofu niliimba nyingi. Saidi alizijua zote, na nikiruka ubeti aliniambia kutoka juu. Sasa siku moja, tukiwa hapa hapa Mikumi nyuma ya nyumba moja ya wageni, hofu ilinishika vibaya nikiwa chini. Nikaweka jembe, nikapiga magoti matopeni, nikafumba macho nikaomba kimya. Nimefika katikati ya maombi, ndiyo kwanza moyo unaanza kutulia, nikahisi nanyanyuliwa. Nilipanda juu huku nimefumbata mikono, nazunguka kama mbuzi wa kupimwa. Nilipofungua macho, wateja wote wa ile nyumba walikuwa wamezunguka shimo, na Saidi ananipiga makofi mashavuni, anataka kujua kama namwona. Nilimweleza kwamba nilikuwa naomba. Alikaa chini akashika kichwa. Tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba katika kazi yetu maombi yote yawe ya sauti.

Nakusimulia mambo haya ya kuchekesha ili upate nguvu ya hili linalofuata, ambalo halichekeshi sana.

Tuliitwa Rudewa na mama mmoja aliyeitwa Mama Nkwimba. Ukoo wake ulitoka Usukumani na ng'ombe wao, wakapata mahali pembeni mwa mashamba ya zamani ya mkonge. Wanaume walikuwa mbali na mifugo sehemu kubwa ya mwaka, na nyumbani alibaki yeye na wake wawili wa wanawe. Maji walichota mtoni, na njia ya mtoni ilipita kando ya mashamba ya wenyeji, na kila wiki kulikuwa na maneno: ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani, mkokoteni wa nani umekanyaga mpunga wa nani. Juma moja kabla hatujafika, mmoja wa wakaza wana wale alirushiwa mawe. Kwa hiyo kisima kile hakikuwa cha starehe. Kingepatikana, wale wanawake wasingehitaji kupita kule.

Watu wa kwao na watu wa kwetu tulishakubaliana zamani kuwa ni watani, na Mama Nkwimba aliuchukua utani huo kama kazi ya kuajiriwa. Siku ya kwanza alimsalimu Saidi vizuri, kisha akanitazama mimi na wembamba wangu, akamuuliza Saidi kama huyu ndiye fundi mwenyewe au ndiyo kamba.

Kulikuwa pia na Mzee Mathayo, mzee wa kanisa lao dogo. Mtu mpole, anaombea hata kuku wakiumwa. Yeye na Mama Nkwimba walikuwa wamefunga siku tatu kuombea maji, na kila siku alikuja na koti lake jeusi, katika jua lile, akasimama mdomoni mwa kisima akaomba kwa urefu. Nilimpenda. Pia nilimwonea aibu, kwa sababu alinidhania kuwa mtu wa imani, na mimi nilikuwa nimebeba hofu yangu ileile tumboni.

Siku ya sita tulikuwa tumefika pima saba. Asubuhi alikuwa chini Saidi, akatoka na udongo wa kijivu wenye harufu ya kiberiti kilicholowa. Mchana tukapumzika. Saidi akaenda kando kuswali, mimi na Mzee Mathayo tukaomba, tukala ugali na maziwa mgando. Baada ya hapo zamu ilikuwa yangu. Nikachungulia shimo lile, nikasikia harufu ile, na nikagundua kwamba tumbo linaniuma.

Nilimwambia Saidi. Akasema tumbo langu linaijua zamu vizuri kuliko kichwa changu, kisha akavaa kamba yeye.

Nikaichukua chemli niiwashe. Mzee Mathayo akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa, akasema tumeomba tangu Ijumaa, na kama tumeomba, taa ni ya nini. Je, si tunampima Mungu? Wakaza wana walikuwa wakisikiliza. Na mimi, ambaye dakika moja nyuma nilikuwa nimekimbia zamu yangu kwa uongo wa tumbo, nikaona aibu ya kuonekana mtu asiye na imani. Nikaiweka taa chini.

Saidi hakuliona hilo. Alikuwa akijifunga kamba, na aliamini kwamba nilikwisha kuishusha taa wakati anaswali. Kwa nini asiamini? Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minne.

Alishuka. Yeye chini hakuimba za kanisani, alikuwa na wimbo mmoja wa harusi, tena ubeti mmoja, ambao aliuimba kutwa mpaka nikatamani bibi harusi yule aachike. Tulivuta ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu ubeti ukakatika katikati.

Nikavuta kamba. Ikaja nyepesi. Alikuwa ameifungua kiunoni ili apate nafasi ya kuinua mtaimbo, kosa ambalo tulilifanya wote mara nyingi na kila mara lilikuwa kosa.

Nilimwita. Nilimwita tena. Kisima kilikuwa kimya.

Mzee Mathayo akasema nishuke, Mungu yuko pamoja nami. Nilijua kweli yuko. Nilijua pia kwamba hewa iliyomwangusha Saidi ingeniangusha na mimi, na kwamba pale kijijini hapakuwa na mtu wa tatu anayejua kazi ile. Hili nawaambia ninyi mnaopenda ushujaa: shimo likinyamaza, usirukie. Nimejua familia zilizozika watu wawili kwa sababu wa pili alikuwa na upendo bila taa.

Nikachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili, ya tatu. Mama Nkwimba akaninyang'anya kile kiberiti, akaiwasha chemli kwa mara moja. Tukaishusha. Ilipokaribia chini, mwali ulinywea ukawa kama punje ya ulezi. Haukuzimika, lakini haukuwa mwali wa kumshushia mtu. Tukaipandisha.

Dawa ya hewa nzito ni kuisukuma. Wakaza wana wakakata matawi ya mwarobaini, tukayafunga kwenye kamba, tukawa tunayashusha na kuyapandisha kwa nguvu kama mtu anayefukuza nzi. Tukamwaga na maji, ndoo baada ya ndoo, kupitia ukutani ili yashuke na hewa. Yalikuwa maji ya pipa lao lote, yale waliyoyachota asubuhi ile kwa kupita njia ya kurushiwa mawe. Hakuna aliyeuliza watapikia nini. Mzee Mathayo alivua koti, mara yangu ya kwanza kumwona bila koti, akashika kamba ya matawi, na hakuiachia mpaka viganja vyake vikachubuka. Alikuwa analia, na midomo yake ilikuwa inacheza. Sikuuliza anaomba nini.

Kisha tukasikia kikohozi kutoka chini. Kimoja, kidogo. Tukashusha taa mara ya pili, mwali ukainama. Tukapiga matawi tena. Mara ya tatu mwali ukasimama.

Basi. Sasa ilibaki mtu. Mzee Mathayo alikuwa mzee, na wanawake wale walikuwa na nguvu za kushika kamba kuliko mimi, lakini fundo la kumfunga mtu aliyezimia nililijua mimi peke yangu. Nikajifunga. Nikakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Nikaomba, kwa sauti, kama tulivyokubaliana na Saidi. Nikasema Bwana, iondoe hofu hii, nishuke. Nikasubiri. Haikuondoka. Nikaomba tena. Ilikuwa pale pale, tena naona ilinenepa. Na ghafla nikaelewa kwamba nikikaa pale kungoja nisiogope, nitakaa mpaka jua lizame na rafiki yangu atakufa chini ya miguu yangu.

Nikageuka nikamtazama Mama Nkwimba, ambaye alikuwa ameizungusha kamba kiunoni na kukita visigino ardhini.

"Mama," nikamwambia, "naogopa. Tumbo haliniumi. Naogopa."

Nilitegemea utani. Utani ulikuwa haki yake. Lakini hakunitania.

"Na mimi naogopa," akasema. "Sasa ogopa huku unashuka. Kamba tumeshika sisi."

Nikashuka. Nikaimba, kwa sababu ndiyo sheria, lakini sauti ilinitoka kama ya jogoo anayekabwa. Nilichanganya beti za nyimbo tatu. Nilipofika chini nilimkuta Saidi amekaa, mgongo ukutani, kidevu kifuani, anakoroma. Nilijifungua kamba, nikaipitisha kwapani mwake, nikakaza fundo, nikaivuta mara mbili, wakamwinua. Miguu yake ilinipita usoni.

Hapo ndipo nilipobaki peke yangu, pima saba chini, bila kamba, na mbingu imezibwa na mwili wa Saidi unaopanda. Ningependa kukuambia kwamba wakati ule nilijazwa amani. Hapana. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliimba huku nalia, nimekumbatia ukuta wenyewe ninaouogopa, mpaka kamba ikarudi ikanigusa kichwani.

Saidi alitapika, akalala na kichwa kikimgonga hadi kesho yake. Alipoweza kuongea alisema alikuwa anaota amekufa, kisha akasikia mtu anaimba, akajua hajafa, kwa sababu malaika hawawezi kuimba vibaya namna ile. Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na jambo la kumwambia.

Kumweleza kulinipa taabu kuliko kushuka. Nilingoja tubaki wawili, nikamwambia kuhusu tumbo, kisha nikamwambia kuhusu taa.

"La tumbo nilijua," akasema. "La taa sikujua."

Akageukia ukutani. Siku tatu hakunitania. Aliniomba maji kwa adabu, akanishukuru kwa adabu, na kila adabu ile ilinichoma kama kaa la moto. Hapo pia niliomba, na hapo pia sikujibiwa upesi. Siku ya nne nilimpelekea uji. Akauonja, akanitazama, akaniuliza kama tumbo langu limelala salama. Wanangu, sijawahi kufurahi kudhihakiwa kama asubuhi ile.

Sasa mnataka kujua maji. Ushuhuda mzuri ungekuwa na maji. Tuliendelea, taa ikishuka kabla ya kila mtu, na mwenye kuishusha sasa alikuwa Mzee Mathayo mwenyewe. Aliiomba kazi hiyo, na hakuruhusu mtu mwingine aguse kile kiberiti. Saidi alibaki juu, mimi nilishuka zamu zote. Tulifika pima tisa, tukagonga mwamba. Mtaimbo ulitoa cheche. Pakavu kabisa, vumbi. Kufunga siku tatu, maombi ya kila mchana, pipa zima la maji, na mtu nusura afe, halafu vumbi.

Shimo kavu haliachwi wazi, litaua ng'ombe au mtoto. Tukalifukia. Kabla ya jembe la kwanza la udongo, Mama Nkwimba alimwomba Mzee Mathayo aombe. Sote tukajiandaa kusimama muda mrefu. Mzee akavua kofia, akatazama lile shimo, akasema, "Bwana, hatuelewi. Tuko hapa. Amina." Nimesikia maombi mengi katika maisha yangu, na hayo ndiyo ninayoyarudia mara nyingi zaidi.

Misimu miwili iliyofuata wale wanawake waliendelea kwenda mtoni na mkokoteni wao, na maneno ya njiani yaliendelea, mpaka ilipokuja mashine ikachimba bomba la kijiji mahali ambapo hakuna aliyepaombea. Kwa nini pale na si kwa Mama Nkwimba? Sijui. Mtu akikuambia anajua, mpe chai, lakini usimpe shamba.

Nami nilichimba miaka mingi baada ya hapo, na kila asubuhi niliogopa. Sitakudanganya kwamba hofu ilikuwa baraka iliyojificha. Ilininyima usingizi, na ilinifanya nimdanganye rafiki yangu. Lakini sikujiita tena mtu asiye na imani kwa sababu yake. Bwana wetu mwenyewe aliomba bustanini kikombe kiondolewe, jasho likamtiririka, na kikombe hakikuondolewa. Akainuka akaenda. Nikiwa kijana nilisoma habari hiyo mara nyingi nikikimbilia ufufuo. Siku hizi nasimama pale anapoinuka. Kilichoniponza Rudewa si ile hofu. Kilichoniponza ni kuificha, kwanza nyuma ya tumbo, kisha nyuma ya imani. Siku nilipoitoa mdomoni, haikupungua hata chembe, ila haikuwa yangu peke yangu tena, na nikaweza kushuka.

Najua na ninyi mnayo yenu. Yupo anayesubiri majibu ya hospitali. Yupo aliyeomba kazi mpaka goti limeota sugu. Wewe uliyekaa pembeni nakuona unavyocheka sana, na nawajua wanaocheka hivyo.

Basi fanya hivi. Kabla ya Jumapili hii, chagua mtu mmoja mwenye mikono ya kuaminika, awe wa kanisa lenu au asiwe. Mwambie kwa sauti, bila kupamba: naogopa jambo hili, nimeliombea, na hofu haijaondoka. Mwombe akushike unapolifanya. Halafu nenda ukalifanye.